Wakuu naomba ushauri: ninunue kadi ya grafiki sasa, au nisubiri Nvidia na AMD washindane bei?

MtiMkavu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, nimeumiza kichwa wiki tatu sasa.

Natumia kadi ya Nvidia, GTX 1060 yenye memori ya GB 6. Imenitumikia kuliko kifaa chochote nilichowahi kumiliki, ila imechoka. Asubuhi nikiwasha kompyuta feni moja inakwaruza na kukataa kuzunguka mpaka niisukume kwa ncha ya kijiti. Hilo ningelivumilia. Kilichonifikisha hapa ni kazi. Natengeneza matangazo ya video: nahariri, na vitu vya 3D nafanyia Blender. Juzi mteja alitaka chumba chenye zulia la manyoya na mapazia mazito. Nikabonyeza kurenda, yaani kompyuta ichore picha ya mwisho, mara ukatokea ujumbe kwamba memori ya GPU (ya kadi) imejaa. Nikapunguza ukubwa wa picha za zulia nusu kwa nusu, ikagoma tena. Nikahamishia kwenye prosesa, fremu moja ikala dakika kumi na nane, na tangazo lilikuwa na fremu 240. Kompyuta haikuzimwa siku tatu, usiku na mchana. Kazi nikaipeleka imechelewa, na mteja yule sijamsikia tena.

Jioni nacheza gemu kidogo, skrini yangu ni 1440p, kali kuliko Full HD.

Kwa bei elekezi za kutangazwa siwezi kuvuka dola 450. Nimebaki na tatu: RTX 5060 Ti ya Nvidia, GB 16 (ilitangazwa dola 429), RX 9060 XT ya AMD, GB 16 (dola 349) na Intel Arc B580 ya GB 12 (dola 249).

Rafiki yangu ananiambia tulia, AMD na Intel wanambana Nvidia, bei itaporomoka yenyewe. Lakini mwaka 2021 nilitulia hivyo hivyo nikaishia kutazama kadi zikiuzwa mara mbili ya bei yake. Je, hivi vita vya bei vipo kweli au tunajipa moyo?

Kengewa

Mkuu chukua Nvidia ulale. Unafanya Blender, hapo hakuna mjadala. Ila subiri miezi miwili mitatu, AMD wakishusha, Nvidia naye atashusha, utaipata hiyo 5060 Ti kwa bei ya kirafiki.

Bwana_Chipu

Mleta uzi, swali lako la mwisho ni zuri kuliko la kwanza, nianze nalo.

Vita vya bei vilikuwepo, na vilikuwa vikali. Juni 2008 Nvidia walitoa GTX 280 kwa dola 649 na GTX 260 kwa dola 399. Mwezi huo huo upande wa ATI, ambayo AMD walikuwa wameinunua mwaka 2006, ukaja na HD 4870 kwa dola 299. Ilikuwa inakabana koo na GTX 260, na kwenye baadhi ya gemu inaipita. Hazikupita wiki nyingi GTX 280 ikashushwa mpaka 499, na 260 mpaka 299. Aliyenunua wiki ya kwanza alipoteza dola 150 akiwa hata hajachoka kulishangaa boksi. Hiyo 1060 yako nayo ni mtoto wa vita: AMD walitangulia na RX 480 ya GB 8 kwa dola 239 mwaka 2016, na Nvidia wakajibu na GTX 1060 kwa dola 249 ndani ya wiki chache.

Mwaka 2019 ikatokea tena. RX 5700 XT ilitangazwa dola 449. Nvidia wakaleta zile kadi zao zenye jina Super, na AMD wakaishusha yao mpaka 399 kabla hata haijaingia sokoni.

Sasa angalia kilichofuata. RTX 3080 ilitoka 2020 kwa dola 699. Mrithi wake, RTX 4080, akaja 2022 kwa dola 1,199. Hapo AMD walikuwa na nafasi ya kurudia ya 2008. Badala yake waliiweka RX 7900 XTX dola 999. Yaani hawakuuliza "mnunuzi anaweza kulipa ngapi," waliuliza "Nvidia ameweka ngapi," wakakata kidogo na kukaa kivulini. Nvidia hawakuhangaika. Walichukua zaidi ya mwaka mzima ndipo wakaleta 4080 Super kwa dola 999, Januari 2024.

Kwa nini hawapigani kama zamani? Sababu ninayoiona mimi ni mbili. Kwanza, chipu za wote wawili zinatengenezwa na TSMC, kiwanda cha Taiwan. AMD akipata nafasi kiwandani, anaweza kuitumia kwa kadi ya gemu ya dola 349 au kwa prosesa za seva zinazomlipa mara kadhaa. Ungekuwa wewe ungeitumia wapi? Pili, Nvidia mwenyewe hategemei tena gemu. Mwaka wake wa fedha wa 2025 aliingiza takriban dola bilioni 130, na bilioni 115 zilitoka kwenye vituo vya data. Gemu ilileta kama bilioni 11. Mtu wa namna hiyo humtishi kwa kupunguza dola hamsini kwenye kadi ya daraja la kati.

Kwa hiyo usisubiri mporomoko. Tangu mwishoni mwa 2025 hata memori yenyewe imepanda bei, maana watengenezaji wanakimbilia seva za akili bandia. Kadi ya GB 16 ndiyo ya kwanza kuumia.

Nyuki_Kazi

Hamjasema jambo moja. Jensen Huang wa Nvidia na Lisa Su wa AMD ni ndugu wa damu. Unategemea ndugu wagombane? Wamepanga.

Bwana_Chipu

Undugu wao ni kweli, ni wa mbali kidogo, na si siri. Lakini undugu si ushahidi wa kupanga bei. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwahi kuzichunguza AMD na Nvidia kuanzia 2006 ikafunga faili 2008 bila kumshtaki yeyote. Na tafadhali tazama soko lilivyo: mmoja akiwa mkubwa kupita kiasi na mwingine akimfuata nyuma kwa hatua moja, bei zinafanana bila mtu kumpigia mwenzake simu. Wauza nyanya waliokaa meza jirani hawahitaji mkutano.

DadaFremu

Mimi nakula kupitia Blender, mwaka wa sita huu, acha niongee la kazi.

Kaka, shida yako ya zulia ni memori, si kasi. Tukio likizidi memori ya kadi, kasi haikusaidii kitu. Kwa hiyo cha kwanza: GB 8 zote ziondoe kichwani. Na uwe macho hapa, maana watu wengi wanaumizwa hapa. 5060 Ti zipo mbili zenye jina lile lile, ya GB 8 iliyotangazwa dola 379 na ya GB 16 ya dola 429. 9060 XT nayo vivyo hivyo, 299 na 349. Kwenye tangazo la kuuzia GB inaandikwa kwa herufi ndogo, wakati mwingine haiandikwi kabisa. Mwulize muuzaji akutumie picha ya ubavu wa boksi.

Cha pili, kwenye Cycles, injini ya kurenda ya Blender, Nvidia anatumia njia iitwayo OptiX na Radeon (kadi za AMD) anatumia HIP. HIP inafanya kazi, si kama zamani, lakini kwa kadi za daraja moja OptiX inakimbia zaidi na ukiibebesha kazi nzito unaona. Ungekuwa mtu wa gemu tupu ningekwambia 9060 XT bila kupepesa macho: memori ile ile, dola 80 pungufu, na FSR 4, teknolojia ya AMD ya kukuza picha ya gemu, imeziba pengo la ubora wa picha lililokuwa linatuudhi. Lakini wewe kadi inakulipa.

Una prosesa gani? Na mazabodi (bodi kuu)?

MtiMkavu

Asante sana dada. Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450, pawa saplai wati 550.

DadaFremu

Basi B580 iweke pembeni. Si kadi mbaya. Intel wamefanya jambo la maana kutoa GB 12 kwa dola 249 wakati wakubwa walikuwa wanauza GB 8 kwa karibu dola 300, na natamani ifanikiwe. Ila inataka prosesa yenye nguvu kuisukuma. Watu walioipima na prosesa za umri wa 3600 yako waliona fremu zinaanguka vibaya kwenye gemu kadhaa. Tena inahitaji Resizable BAR iwashwe (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa pamoja), na kwenye B450 huenda ukalazimika kwanza kusasisha BIOS, programu ya ndani ya mazabodi.

Jambo jingine: B450 ni PCIe 3.0, toleo la zamani la njia za data kati ya kadi na mazabodi. 5060 Ti inatumia njia nane tu, 9060 XT inatumia kumi na sita. Kwa GB 16 hasara yake ni ndogo, kwa sababu data nyingi inakaa kwenye kadi yenyewe. Ingekuwa ya GB 8 ungelia. Wati 550 naona zinatosha kwa zote mbili kama pawa saplai yako ni nzima, 5060 Ti inakula kama wati 180.

Kengewa

Sawa, lakini mimi bado nasema subiri AMD washushe kwanza. Wakishusha, Nvidia atafuata, tunanunua Nvidia kwa raha.

DadaFremu

Kengewa ndugu yangu, hilo ndilo linaloniuma. Kila ukumbi unaoingia watu wanaiombea AMD ishushe bei, na ikishusha hawainunui. Wanataka iwe fimbo ya kumchapia Nvidia. Jiweke kwenye kiti chao: unapunguza faida yako, mauzo hayaongezeki, mwenzako anapunguza kidogo na wateja wanabaki kwake. Ungerudia mara ngapi? RX 9070 XT ilipotoka Machi 2025 kwa dola 599, dhidi ya 5070 Ti ya dola 749, watu waliichangamkia kweli. Na kwa kuwa waliichangamkia, bei madukani ikaruka juu ya hiyo 599. Ushindani unahitaji mtu wa kununua upande wa pili, siyo wa kushangilia tu.

Kwa mleta uzi nashauri Nvidia kwa sababu ya kazi yake, siyo kwa mazoea. Kama ana mdogo wake wa gemu, huyo anunue Radeon.

Mzee_wa_Draiva

Vijana mmeongea vizuri. Naongeza mawili.

La kwanza, MtiMkavu, kizazi cha hiyo 1060 kimeshafika mwisho. Nvidia walitangaza kwamba draiva za gemu kwa kadi za Pascal zinakoma Oktoba 2025, baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kwa hiyo hata feni ukiitengeneza, kadi haitaenda mbele.

La pili, utashawishika na mitumba, hasa RTX 3060 ya GB 12. Si wazo baya, ila usinunue bila kuiona ikifanya kazi. Mimi mwaka 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kutumia kadi, niliuziwa kadi iliyofutwa vumbi ikang'aa. Nilipoifungua nyumbani, pedi za joto juu ya memori zilikuwa zimetoa mafuta mpaka yametambaa kwenye bodi, na memori ilikuwa inafika nyuzi 104. Muuzaji hakupokea simu. Ukienda kwenye mtumba, nenda na Blender yako kwenye flashi, renda dakika ishirini mbele ya muuzaji, na uangalie joto la memori, siyo la chipu peke yake.

Bei ya kadi mpya usiilinganishe na ya tangazo. Linganisha bei ya leo ya hii na bei ya leo ya ile. Tofauti ikiwa ndogo kuliko dola 80, chukua Nvidia. Ikipita 150, hapo AMD inaanza kunishawishi hata kwa Blender.

MtiMkavu

Mzee huo mpaka umenisaidia kuliko vyote, asante sana. Narudi.

*(baada ya siku tisa)*

Wakuu nimerudi. Nimepita kwa wauzaji wanne. Wawili walikuwa na 5060 Ti "ya GB 16" ambayo kwenye ubavu wa boksi imeandikwa 8, DadaFremu Mungu akuzidishie. Tofauti kati ya 5060 Ti ya GB 16 na 9060 XT niliikuta kama dola 90, zote zikiwa juu ya bei elekezi. Nimelipa. Ni 5060 Ti.

Lile zulia limerendwa. Memori iliyotumika imepita GB 9, kwa hiyo ile 1060 nilikuwa naionea bure. Fremu iliyokula dakika kumi na nane kwenye prosesa imeisha kwa dakika moja na sekunde arobaini.

DadaFremu

Hongera kaka! Ila dakika moja na arobaini naona ni nyingi. Nenda kwenye mipangilio ya mfumo ndani ya Blender. Kama uliiacha CUDA, njia ya Nvidia ya tangu zamani, weka OptiX, kisha urudie.

MtiMkavu

Dada, kweli ilikuwa bado CUDA. Nimebadilisha. Sekunde hamsini na nane.

Nimemwandikia yule mteja, nimemtumia fremu moja mpya.