Mrejesho: Yule kijana wangu aliyekwenda ukuruta Gilgil

Assalaam aleikum. Mimi ndiye mama wa Lamu niliyeuliza humu kama nimwache mwanangu wa miaka 19 ajiunge na NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa hapa Kenya, na afungashe nini. Ahsanteni sana mlionijibu. Amemaliza mafunzo ya awali, juzi nimempokea kwenye jeti ya boti ya Mokowe. Nimelia mbele za watu.

Baridi ya Gilgil, kule Nakuru kwenye kambi ya mafunzo, mlinionya, na kweli. Mtoto aliyezaliwa kwenye joto la pwani, kupanda zaidi ya mita 1,900 si mchezo. Asema wiki za kwanza filimbi ililia kungali giza, wakatoka mbio wakiimba, kisha kwata mpaka nyayo ziwake moto. Buti zilimtoa malengelenge visiginoni. Aliyenishauri nimpe soksi nzito jozi sita, Mungu akulipe, ndizo zilizomwokoa.

Lakini kilichomuumiza zaidi ni upweke. Simu zilikuwa adimu, na usiku akikumbuka wali wa nazi machozi humtoka chini ya blanketi. Aliyemtuliza ni kuruta mwenzake kutoka Turkana, wa kitanda cha jirani. Sasa ni ndugu.

Leo asubuhi nimeingia chumbani mwake. Shuka imekunjwa pembe kwa pembe, imenyooka kama meza, viatu vimepangwa sambamba chini ya kitanda. Huyu ndiye niliyekuwa nikimwamsha kwa kelele!

Sasa anasubiri kupangiwa chuo cha ufundi. Anataka umeme.