Mwezi unatufuata?

Mama Zuhura: Jana usiku tukitoka Bagamoyo, mwanangu wa miaka 5 alibandika pua kwenye kioo cha basi: "Mama, mbona mwezi unatufuata?" Nilikosa jibu, na najua leo ataniuliza tena. Nisaidieni.

Babu Mvuvi: Mwanangu, mwambie minazi ya kando ya barabara iko karibu, ndiyo maana inakimbilia nyuma. Mwezi uko mbali mno, wastani wa kilomita 384,400. Mkisafiri kilomita 60, kwake ni kama hamjasogea, basi unabaki palepale dirishani. Hata mimi baharini huuona umening'inia juu ya tanga usiku kucha, ukishuka polepole tu magharibi.

Mama Zuhura: Shikamoo babu, ahsante. Kaelewa minazi. Sasa anauliza nani kauning'iniza!