Tumelipa dola 56 kuoneshwa karatasi za ukutani. Mama yangu kauliza pembe za ndovu zilitoka wapi, wakamnyamazisha

Wakuu, salaam. Hasira nilizonazo ni za tangu Jumamosi na bado hazijapoa, kwa hiyo mtanivumilia uzi ukiwa mrefu.

Niko New England, Marekani, huu mwaka wa saba. Mwezi huu mama yangu mzazi amekuja kututembelea. Ni mtu wa Bagamoyo, kafundisha historia shule ya msingi miaka 31 mpaka anastaafu. Kwenye maduka makubwa hataki kupelekwa. Alisema, "Mwanangu, nipeleke nikaone watu wa zamani wa huku walivyokuwa wakiishi." Nikatafuta, nikapata jumba la miaka ya 1870, enzi ya Malkia Victoria, limekarabatiwa na sasa linapokea wageni. Jina silitaji hapa. Tiketi ni dola 28 kwa kichwa, na kwenye tovuti yao wameandika kwamba utatembezwa nyumba nzima, kuanzia jikoni kule chini hadi vyumba vya watumishi chini ya paa.

Tumefika, tumelipa, tumeshavaa ile mifuko ya plastiki juu ya viatu, ndipo binti anayetutembeza anatangaza kwamba jikoni hakuingiliki na ghorofa ya watumishi imefungwa. Matengenezo. Nikauliza kama bei inapungua, nikaambiwa hapana. Nirudishiwe hela? Tiketi ikishakatwa hairudi. Sasa kama tangu asubuhi mlijua, mlishindwa nini kubandika karatasi pale dirishani mnapopokelea hela?

Na huko kulikofungwa ndiko mama alikotaka kufika. Alitaka kuiona ile ngazi nyembamba ya nyuma waliyopita wafanyakazi ili wasikutane na wenye nyumba. Alitaka kuona wale wasichana walilala wapi, maana katika majumba ya huku wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, na kengele zilizowaita saa yoyote. Sisi tukaachiwa sebule, maktaba, chumba cha kulia na vyumba viwili vya kulala.

Mama ana miaka 71 na goti lake moja si zima. Kila kiti kimewekewa koni la msonobari katikati ili mtu asikalie. Viti ni vya kale, hilo naelewa kabisa. Lakini kiti kimoja cha plastiki pale koridoni kingewapunguzia nini? Saa nzima na robo mama yangu kasimama, ameegemea mkono wangu.

Karatasi za ukutani zikachukua dakika 20. Zimechapwa upya kwa kufuata kipande kidogo kilichokutwa nyuma ya kabati. Tukatajiwa kiwanda cha kwanza kilichozitengeneza, mji wake, mwaka wake, hata rangi ipi ilitangulia kupakwa. Ni kazi nzuri, mafundi wamejituma, siwaondolei haki yao. Kisha tukafika kwenye piano. Vibonyezo 52 vyeupe, tukaambiwa, vyote ni pembe halisi ya ndovu kutoka Afrika. Basi. Binti akageukia mapazia.

Mama akanyoosha mkono kama yuko darasani. Kwa kile Kiingereza chake cha kialimu akauliza, "Samahani binti yangu, Afrika ya wapi? Pembe hizi zilipakiwa bandari gani?" Akajibiwa kwamba hilo halimo kwenye matembezi ya leo, tusogee, kundi jingine linasubiri. Mama akasema, "Nauliza kwa sababu huenda zilipita kwetu." Watu wawili watatu wakacheka. Mama akashusha mkono.

Wakuu, huyu ni mwalimu. Amewapeleka watoto Caravanserai pale Bagamoyo miaka na miaka, akawaonesha misafara ilipoishia. Kama kuna mtu mle ndani aliyestahili kusikilizwa mbele ya ile piano, ni yeye.

Sasa niyaseme mimi aliyokatizwa. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja. Mwaka 1837 konseli wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja. Merikebu za Salem zilileta kitambaa cha pamba kilichofumwa viwanda vya huku huku New England. Ndiyo ile marekani ya bibi zetu, jina lipo hadi leo. Kitambaa hicho kilipanda bara kikawa posho ya wapagazi, kikawa hongo ya watemi njiani, yaani ushuru wa kupita, kikawa bei ya pembe. Wakati wa kurudi merikebu zilibeba pembe, ngozi na sandarusi. Sandarusi wengi humu hamtaijua: ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe, ukichimbwa ardhini kule Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja. Vanishi nzuri za samani za zama zile zilitengenezwa kwayo. Na mng'aro wa meza ya chumba cha kulia tulisifiwa mno siku ile.

Pembe zenyewe zilikwenda Connecticut. Kuna mji kule unaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, na jirani yake Deep River. Viwanda vya miji hiyo vilichana pembe vipande vyembamba vya vibonyezo, vikavianika juani ndani ya vibanda virefu vya vioo mpaka viwe vyeupe. Pembe ya Unguja waliipenda kwa sababu ni laini kwenye msumeno.

Na kabla ya merikebu kulikuwa na miguu ya watu. Ujiji hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani, miezi njiani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira na walioionea fahari kazi yao. Wengine katika misafara ile walikuwa watumwa, wakauzwa pwani kama zilivyouzwa pembe. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873. Rudini juu mtazame jumba hili ni la miaka gani. Na kila jozi ya pembe ni ndovu mmoja aliyeuawa, hilo nalo halikutajwa.

Najua atatokea mtu aseme umekwenda kuangalia nyumba ya watu, siasa za nini. Ndugu, aliyeileta pembe kwenye maelezo ni wao. Ukiweza kunitajia kiwanda cha karatasi ya ukutani na mwaka wake, huwezi kunipa bara zima kuwa ndiyo anwani ya pembe. Yule binti simlaumu sana, anasema alichopewa aseme. Wa kulaumiwa ni waliokaa wakayaandika maelezo yale na kuona yametosha.

Jumapili nimewaandikia barua pepe. Jibu limekuja jana: wanashukuru kwa maoni yetu, na wametutumia kuponi ya kupunguziwa asilimia 10 dukani kwao. Hela hazirudi. Kuhusu swali la mama, hakuna hata neno moja.

Siku ile ndani ya gari alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Wangeniuliza, ningewaeleza bure."

Sikubali liishie hapo. Naandika barua ya pili, safari hii kwa bodi yao. Nadai dola 56 zetu, kiti kwa wazee, na kibao kando ya piano chenye majina: Unguja, Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Mwenye babu au babu wa babu aliyebeba pembe, awe wa Unyamwezi, Usukuma, Ujiji au Manyema, naomba aniwekee hapa chini alichosimuliwa nyumbani, hata kama ni mistari miwili. Nitatafsiri na kuambatanisha kwa majina mnayotumia humu. Mama anaondoka tarehe 14, na nataka barua iende ikiwa na sahihi yake.