Naomba ushauri: nikiwa kushoto mwa goli sifungi

Habari zenu wanamichezo. Mimi ni mfungaji, GS, kwenye timu ya mpira wa pete ya kata hapa Iringa. Nikisimama kulia mwa nguzo, kwenye mipira 10 nafunga 8. Nikihamia kushoto hata 4 haifiki. Mpira unagonga ukingo wa mbele wa pete na kunirudia. Walinzi wameshanijua, wananibana niende huko huko.

Wiki 3 sasa narusha mipira 50 kila jioni kutoka kushoto tu. Shida, hata kulia nako nimeanza kukosa, na inaniuma sana.

Je, nimalize upande mmoja kwanza au nichanganye pembe zote siku moja? Na miguu niipange vipi nikiwa kushoto? Asanteni.