Naomba ushauri: kifungo cha dharura hakifiki bafuni

Hamjambo wenzangu. Naomba msaada kwa anayezijua simu za dharura za wazee.

Mama ana miaka 79, amepooza upande wa kushoto. Tumemwekea sebuleni, hapa Umoja, kifaa cha kupiga simu kinachotumia laini ya simu (SIM). Anavaa kifungo shingoni, cha mawimbi ya 433 MHz. Akikibonyeza, kifaa kinapiga namba tano kwa zamu hadi mmoja apokee. PIN ya laini tuliiondoa mapema, maana stima ikipotea hadi betri iishe, kifaa kikiwaka tena hukwama kikisubiri PIN.

Shida kubwa ni bafuni. Kuta ni za mawe, mlango ni wa chuma, na katika majaribio kumi, matatu hayakufika. Na huko ndiko sakafu huwa na maji! Nimebadilisha betri ya kifungo (CR2032), nikahamisha kifaa mbali na televisheni na kukiinua juu ya kabati. Kuna nafuu, lakini siwezi kukitegemea.

Halafu namba ya kwanza ikiwa imezimwa, mtambo wa ujumbe wa sauti unapokea, kifaa kinadhani mtu amepatikana na kinaacha kupiga. Tulipiga ##002#, namba ya kufuta uhamishaji wa simu kwenda kwa mtambo huo, kwenye simu zote tano. Moja bado inapokelewa na mtambo.

Maswali yangu: antena ya waya iliyovutwa hadi kwenye korido itatosha, au nihamishie kifaa chenyewe huko? Na kuna kifaa kinachomtaka anayepokea abonyeze tarakimu ndipo kiache kupiga namba zinazofuata?