Laini ya Unguja ikikatika, Chake Chake nzima inakwama: naomba ushauri wa taimauti za RADIUS

WayaWaChake:
Asalaam alaykum ndugu zangu. Natunza mtandao wa chuo kimoja hapa Chake Chake. Swichi zetu, vile vifaa vya kuunganishia mtandao, ni za Cisco, na hakuna anayeingia bila kuthibitishwa, awe wa waya au wa Wi-Fi. Seva za RADIUS, yaani zinazokagua jina na nywila ya kila anayeingia, ni mbili, zote za programu ya FreeRADIUS: ya kwanza iko makao makuu Unguja, ya pili niliifunga mwenyewe hapa, kabati moja na swichi kuu, ili laini ya kuvukia Unguja ikikatika tusisimame.

Jumatatu laini ilikatika asubuhi na tukasimama vilevile. Seva ya hapa ilikuwa hai, naipigia ping inajibu. Lakini mtu akiingiza nywila anangoja mpaka simu inaacha yenyewe. Ilikuwa siku ya kusajili kozi, foleni ikatoka maabara hadi chini ya mwembe, na mimi nimeinama mbele ya kabati sijui la kuwaambia.

Logi ya mtumiaji mmoja: ombi limekwenda Unguja 07:41:03, tena 07:41:08, 07:41:13, 07:41:18. Saa 07:41:23 ndipo likaletwa kwa seva ya hapa. Aliyefuata naye akaanzia Unguja upya! Taimauti, yaani muda wa swichi kungoja jibu, sijazigusa. Nishushe hadi sekunde moja?

FundiDarajani:
Waalaykum salaam. Logi yako imeshasema kila kitu. Bila kuguswa, Cisco hungoja jibu sekunde 5 na kurudia mara 3. Ukihesabu na ule mtumo wa kwanza ni mara 4, yaani sekunde 20 kabla ya kuhamia seva ya pili.

Lakini ugonjwa wenyewe ni deadtime, muda wa kuiruka seva iliyokufa, ambayo mwanzo huwa sifuri. Maana yake swichi haikumbuki kwamba seva ya Unguja imekufa, kwa hiyo kila mtu anazilipa zile sekunde 20 upya. Weka:

radius-server timeout 2
radius-server retransmit 1
radius-server dead-criteria time 5 tries 3
radius-server deadtime 10

Mstari wa tatu unasema seva ihesabiwe imekufa ikikaa kimya sekunde 5 na mitumo 3 ikipita bila jibu. Ile 10 ni dakika, usije ukadhani sekunde. Wa mwanzo mwanzo watangoja kama sekunde 4, wanaofuata watapelekwa moja kwa moja kwa seva iliyo hai.

BintiWete:
Kaka, sekunde moja usithubutu. Seva ikichelewa kidogo tu swichi itaitangaza maiti na iko hai, na hapo utahangaika zaidi kuliko Jumatatu. Kama mnatumia PEAP, ile njia ya kuthibitisha nywila ndani ya njia iliyofichwa, kuingia mara moja ni safari nyingi za kwenda na kurudi, na yoyote kati ya hizo inaweza kuchelewa.

Mimi nina swali jengine: kwa nini ya Unguja ndiyo ya kwanza? Seva iko mita chache kutoka kwenye swichi, wewe unavusha kila nywila bahari. Geuza mpangilio, ya hapa iwe mbele.

MzeeWaSwichi:
Vijana mmesema sawa, lakini kabla ya kugeuza, kijana akague mambo mawili. Kwanza, kila swichi iwe imeandikwa kwenye clients.conf, faili la vifaa vinavyoruhusiwa kuuliza, ya seva ya Chake, na siri yake iwe sahihi. RADIUS ikipata ombi kutoka kwa kifaa isichokijua hulitupa kimya, haitoi hata neno la kukataa. Wewe utaona seva imekufa na kumbe inakataa kusema nawe.

Pili, watumiaji wote wawemo. Seva ikijibu "hapana", kwa swichi hilo ni jibu kamili. Haiendi kuuliza ya pili. Seva ya akiba yenye orodha pungufu inafungia watu nje kwa haraka sana.

WayaWaChake:
Mzee, Mungu akuzidishie umri. Swichi mbili za dakhalia hazikuwemo kabisa kwenye clients.conf. Niliziongeza mwaka huu, nikaziandikisha Unguja tu.

Nimegeuza mpangilio na kuweka namba za FundiDarajani. Jana baada ya Isha nikaisimamisha seva ya hapa kwa makusudi, nikaingia kwa simu tatu mfululizo. Ya kwanza ilichelewa sekunde 4, ya pili vivyo hivyo, ya tatu ikaingia papo hapo. Kisha nikaiwasha ya hapa, nikangoja zile dakika 10 zipite, nikachomoa laini ya Unguja: hakuna aliyehisi kitu.

Limebaki moja. Nakala ya watumiaji huja kutoka Unguja mara moja tu, usiku. Aliyebadilisha nywila asubuhi atakataliwa hapa mpaka kesho yake, na sasa ya hapa ndiyo ya kwanza.

BintiWete:
Basi hilo limalize leo, maana mpangilio huu nimekupa mimi. Nakala ije kila baada ya dakika 5, na ikishindikana kuja, seva ibaki na ya mwisho iliyo nzima, isiifute. Watumiaji wako mmewaweka kwenye orodha ya LDAP au hifadhidata ya SQL? Nikijua nitakuandikia namna ya kuinakili.