Makala ya saratani yenye data zisizoaminika: ibatilishwe, au tusubiri uchunguzi uishe?

Mleta mada
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Makala ya utafiti wa saratani imechapishwa, kisha watu wa nje wanaonyesha kwamba data zake hazishikiki: picha ileile imetumika kwa majaribio mawili tofauti, au hesabu zikirudiwa hazitoi jibu lilelile. Jarida linajibu kwamba linasubiri chuo cha waandishi kimalize uchunguzi, na uchunguzi unakula miaka. Muda wote huo makala inanukuliwa kana kwamba haina doa.

Msimamo wangu: data zikishaonekana haziaminiki, makala ibatilishwe, yaani jarida litangaze kwamba isitegemewe tena, hata kama hakuna aliyethibitika kudanganya. Nani alikosea, na kama alikusudia, hilo ni la chuo na mwajiri wake. COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji ambayo majarida mengi makubwa ni wanachama wake, inasema hivyo kwenye mwongozo wake: lengo la kubatilisha ni kurekebisha kumbukumbu za sayansi, si kumwadhibu mwandishi, na kosa kubwa lisilo la makusudi linatosha.

Tazameni yaliyotokea Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2006 Anil Potti na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Medicine kwamba jeni za uvimbe zinaweza kutabiri ni dawa gani ya kemotherapi itamfaa mgonjwa. Wanatakwimu wawili wa MD Anderson, kituo cha saratani huko Texas, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walirudia hesabu wakakuta orodha za jeni zimesogea mstari mmoja kwenye jedwali, na kwingine seli zinazoathiriwa na dawa zimeandikwa kuwa sugu, na zile sugu kuwa zinazoathiriwa. Maana yake mgonjwa angeweza kupangiwa dawa ambayo uvimbe wake hauisikii kabisa. Walilisema hadharani 2007. Mwaka huohuo majaribio kwa wagonjwa yakaanza! Yalisitishwa 2009, yakarudishwa, yakafungwa 2010 baada ya kugundulika kwamba Potti alidanganya kwenye wasifu wake kuwa alipata ufadhili wa Rhodes, ule wa kifahari wa kusoma Oxford. Makala ilibatilishwa Januari 2011. Yaani wasifu ndio uliowashtua wakubwa, si jedwali, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mtafiti wa maabara
Mkuu, nakuelewa, ila sikubaliani nawe. Makala moja ya baiolojia ya saratani hubeba picha nyingi mno, zilizotoka kwa watu kadhaa, na baadhi yao walishahama. Picha kuwekwa pasipo pake wakati wa kupanga michoro ni jambo linalotokea. Mwanafunzi wa uzamivu ambaye jina lake ni la tano kwenye orodha ya waandishi hakuigusa hata hiyo picha, lakini makala ikibatilishwa anakwenda kuomba kazi na doa hilo. Watu wakiona makala imebatilishwa, vichwani mwao wameshamwona mwizi.

Ndiyo maana kuna tangazo la tahadhari: msomaji anaonywa, uchunguzi unaendelea. Januari 2024 Sholto David, mwanabaiolojia anayekagua picha za makala za wengine, alionyesha picha zilizojirudia kwenye makala za watafiti wa Dana-Farber, taasisi ya saratani huko Boston. Taasisi ilitaka 6 zibatilishwe na 31 zisahihishwe. Hizo 31 ndizo hoja yangu.

Mleta mada
Hizo 31 sizipingi kwa ujumla. Nauliza kitu kimoja tu: data ghafi zipo? Kama picha halisi ipo, na daftari la maabara linaonyesha ilipigwa lini na kwa sampuli ipi, sahihisheni. Kama imepotea, hitimisho limesimama juu ya nini? Kurudia jaribio leo na kuingiza picha mpya kwenye makala ya zamani, mimi siwezi kuliita sahihisho. Huo ni utafiti mwingine, uchapishwe peke yake.

Tangazo la tahadhari nalikubali, lakini liwe na ukomo. La sivyo linageuka mahali pa kuegesha makala ambayo hakuna anayetaka kuigusa.

Muuguzi, wodi ya saratani
Mnazungumzia jina la mwanafunzi, mimi nawawaza walioko kitandani. Werner Bezwoda wa Afrika Kusini alichapisha mwaka 1995 kwamba kemotherapi ya dozi kubwa sana inawasaidia wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Dozi ile huua uboho, lazima mgonjwa arudishiwe seli zake za kutengeneza damu zilizotolewa kabla. Miaka ile maelfu ya wanawake walipewa tiba hiyo. Wakaguzi walipokwenda Johannesburg mwaka 2000 kuangalia rekodi za utafiti wake mwingine, uliokuwa umetangazwa 1999, mambo hayakulingana na alichodai, naye akakiri. Ile ya 1995 ilibatilishwa 2001. Hesabuni wenyewe miaka hapo katikati.

Mwanatakwimu
Tusichanganye mambo mawili, lakini. Utafiti usiorudika, yaani wengine wakijaribu kuurudia wanashindwa, si lazima data zake ziwe mbovu. Mradi mkubwa uliomalizika 2021 ulipanga kurudia majaribio 193 ya saratani kutoka makala 53, ukaishia 50 kutoka makala 23. Hakuna hata jaribio moja lililokuwa limeelezwa kwa undani wa kutosha kurudiwa bila kuwauliza waandishi. Tukibatilisha kila kisichorudika, tutafuta na kazi safi iliyoandikwa kwa ufupi tu.

Mtafiti wa maabara
Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mleta mada, makala ina miaka 12, chuo kilitaka data zitunzwe miaka michache tu, mwandishi amezitupa kihalali. Leo mtu anaona picha mbili zinafanana. Utaibatilisha?

Mleta mada
Kama hizo picha mbili ndizo zinazobeba hitimisho, ndiyo, nitaibatilisha. Tangazo liseme wazi kwamba data hazikupatikana, kwamba hakuna udanganyifu uliothibitishwa, na ni nani hakuhusika na picha hizo, ili mwanafunzi wako awe na karatasi ya kuonyesha anapoomba kazi. Kama picha ni ya pembeni, tahadhari inatosha. Na kuanzia sasa jarida lidai data ghafi siku ya kupokea makala, lizitunze lenyewe.

Mtafiti wa maabara
Tangazo la namna hiyo ningelitia saini. Kwenye makala ya miaka 12 bado nakupinga.